Maharagwe Nyuma ya Pazia

Jumatatu, 8 Julai 1974

Baridi kali kutoka mlima Menengai, hapa Nakuru. Chai ofisini haikuwa na sukari. Hata hivyo leo ni siku kubwa.

Amekuja Daktari Kanchan, binti wa yule mwenye duka la vitambaa karibu na stesheni. Alisomea London mambo ya akili na familia. Sasa anafanya utafiti, na ametuchagua sisi wa Nyumba ya Ushauri, nyuma ya kanisa. Mchungaji alituita ofisini. Washauri tuko wawili. Mimi, Nicodemus Wamalwa, mwenye miaka saba kazini. Na Bi Awuor, mjane aliyetoka Kisumu mwaka jana, ambaye hadi leo anauliza birika linawekwa wapi.

Daktari alieleza kwamba mtu akija kwetu peke yake, kwa kweli haji peke yake. Anakuja na baba, mama, mke, shemeji, hata marehemu. Wote wanaingia naye. Wako washauri wanaowaona na kuwakaribisha, na wako wanaomwona yule mmoja tu aliyeketi. Yeye anataka kupima: mshauri anapoongea na mtu mmoja, anaigusa familia yake mara ngapi? Anauliza nani nyumbani ananyamaza, nani anamwogopa nani, nani hutazamwa jambo likiharibika?

Kipimo ni maharagwe. Msikilizaji anakaa nyuma ya pazia na kopo. Mshauri akiigusa familia, punje moja koponi. Kalamu haifai kwa sababu inakwaruza na mgeni anageuka kutazama. Chini ya kopo pana kitambaa ili lisilie. Mgeni ataambiwa mapema kuwa yuko msikilizaji, na akikataa, pazia litabaki tupu.

Msikilizaji ni Mzee Pritam Singh, karani mstaafu wa reli anayejitolea kutupangia faili. Mtu mwaminifu mno. Hilo litanisumbua.

Pazia lenyewe, la kijani, mke wangu ndiye aliyelishona mwaka juzi. Kitambaa hakikutosha. Chini limebaki wazi kiasi cha shibiri, na viatu vya Mzee Pritam vinaonekana vyote viwili.

Sasa jambo lenyewe. Utafiti ukiisha, mmoja wetu atafanywa Mshauri Mkuu, na atapewa chumba cha mbele. Chumba chenye mlango. Miaka saba nimefanya kazi nyuma ya ubao mwembamba, na mahali pa kuingilia ni uwazi tu. Nimesikiliza machozi ya watu pamoja na mlio wa vikombe vikioshwa. Mlango ule ni wangu.

Jioni mke wangu, Mama Zeddy, aliniambia kuwa baba yake, huko Kimilili, amezidiwa. Miguu imevimba, chakula hakipiti. Nilimwambia pole. Nilikuwa nafikiria maharagwe.

Jumanne, 9 Julai

Siku ya kwanza ya kipimo. Mgeni wangu alikuwa mama mmoja wa Bondeni anayeumwa kichwa. Niliikaribisha familia yote. Niliuliza baba, babu, mjomba wa upande wa mama, mjomba wa upande wa baba, mashangazi kwa mpango wa kuzaliwa. Akasema kichwa kinazidi. Akaomba maji, akaenda zake.

Kopo langu lilikuwa karibu tupu. Nilimwendea Mzee Pritam kwa upole na kumuuliza kama macho yake yana shida. Alijibu kuwa macho ni mazima. Alisema niliuliza majina kama karani wa sensa, na jina la mjomba si familia. Familia ni kile mjomba alichofanya.

Kopo la Bi Awuor lilikuwa limejaa zaidi ya langu. Nashangaa, kwa sababu haongei. Alimuuliza mgeni wake hivi: ukiugua, nani nyumbani huwa wa kwanza kujua? Kisha akakaa kimya kama mtu anayengoja treni, na mgeni akajiongelesha mwenyewe. Uvivu huo sasa unaitwa ustadi.

Nyumbani, Mama Zeddy alitaka tufunge safari ya Kimilili sote watatu, hata kama shule hazijafungwa. Alisema mzee anauliza kila mara: mkwe wangu yuko wapi? Nilimkumbusha mila. Sisi Wabukusu mtu haingii tu kwenye nyumba aliyomo mama mkwe. Kuna heshima. Akasema mama yake hujificha jikoni kila ninapofika, amefanya hivyo tangu harusi, na haijawahi kunizuia kula kuku wake. Nikamwambia kuna utafiti. Akageukia mashine yake ya kushona sare za shule, akaikanyaga kwa nguvu. Sikuweza hata kufikiri.

Ijumaa, 12 Julai

Mpango wa leo ulikuwa mzuri. Nauandika kwa heshima yake, ingawa uliishia dirishani.

Niliwaza hivi: kama familia inaingia na mgeni, basi ipewe viti. Nilibeba viti vitano kutoka ukumbi wa kanisa. Mgeni alikuwa Bwana Wasike, gadi wa treni ya mizigo, Mbukusu mwenzangu, mabega mapana, macho mekundu. Shida yake ni usingizi. Haupati. Mwezi uliopita alisinzia kazini, na mkubwa wake akamwonya kuwa ikitokea tena atafute kazi nyingine.

Nilimwonyesha kiti cha baba yake. Akainamisha kichwa. Cha mama yake, vivyo hivyo. Cha mke wake, akatabasamu kidogo. Cha mtoto wake mchanga, akacheka kabisa. Nilisikia nyuma ya pazia punje zikianguka taratibu kwenye kitambaa. Tamaa ikanishika. Nafasi ilikuwa imekwisha, kwa hiyo kiti cha tano nikakiweka kwenye uwazi wa kuingilia, nikatangaza kuwa hicho ni cha mama mkwe wake.

Bwana Wasike alisimama na kuugeuzia uso ukuta. Kwa sauti ya chini akaniomba nikitoe. Nilimwambia ni kiti tu, mbao na misumari. Akasema anajua ni mbao na misumari, lakini nimeshakipa jina na kukiketisha njiani, na sasa yeye hawezi kupita. Akaniuliza nimezaliwa wapi hata niambiwe jambo hilo. Nikasema basi, nakiondoa. Akauliza, bado akitazama ukuta: utamshika mama mkwe wangu kwa mikono yako?

Nilinyosha mkono. Mkono ukakataa.

Akafungua dirisha, akatoka nje polepole, kwa adabu, akaniaga akiwa amesimama kwenye majani. Nilibaki nikikitazama kiti. Mbao na misumari. Kisha nami nikatoka dirishani.

Mzee Pritam, ambaye si Mbukusu, alipita kwenye uwazi. Nilimwona kwa nje akikisogelea kiti, akasema habari ya leo, mama, akapita kwa upande. Baadaye aliniambia kwamba mgeni akitoroka dirishani hakuna punje.

Kiti bado kiko pale. Sijakigusa. Nimeanza kuingia kazini kwa dirisha.

Jumatatu, 15 Julai

Nimeibiwa.

Bwana Wasike alirudi leo, na akamwomba Bi Awuor. Mimi nilisikia yote, maana ubao wetu hauna siri. Bi Awuor hakuleta kiti hata kimoja. Alimuuliza swali dogo la kitoto: unapojaribu kulala, unalala wapi?

Kisha gadi akasema analala stesheni, katika behewa la gadi. Nyumba yake ya reli ni chumba kimoja. Mke amejifungua, na mama mkwe amekuja kutoka Bungoma kumsaidia kulea mtoto. Chumba kimoja, mama mkwe ndani. Yeye hawezi hata kukaribia mlango. Asubuhi mke humpelekea uji relini. Hajamwambia mtu yeyote, kwa kuwa hata kulitaja jambo lenyewe ni aibu.

Bi Awuor akauliza ni nani katika ukoo wao anayeweza kulisema bila kuona aibu. Gadi akafikiri. Dada yake aliyeolewa Lanet. Anayo nyumba ya vyumba viwili. Mama mkwe atalala kwa dada, mchana atakuja kumwogesha mtoto, na gadi atalala kitandani kwake. Imekwisha. Mwanamume mzima akalia kwa furaha, na punje zikawa zinaanguka mpaka nikaziba masikio.

Mgeni wangu. Usingizi wangu. Ningelifikia swali hilo mwenyewe, ila nilikuwa na viti vya kupanga.

Sasa nina mipango miwili. Wa kwanza ni kujizoeza nyumbani. Juzi nilileta kopo na maharagwe ya akiba kutoka ofisini na kuyaweka mezani wakati wa chakula. Zeddy akauliza ni ya nini. Nikasema mm. Mama Zeddy akayatazama, akanitazama mimi. Leo nimerudi nikakuta githeri, mahindi kwa maharagwe. Nilikula sahani mbili kabla sijaelewa. Nilipouliza, alisema alidhani kwa mara moja nimeleta chakula nyumbani. Tumeula utafiti wangu.

Mpango wa pili ni mkali zaidi. Kipimo cha mwisho cha Bi Awuor ni Alhamisi. Alhamisi mimi huenda Naivasha kuwaona wagonjwa. Wiki hii sitakwenda. Nimemwambia Mchungaji tumbo linaniuma. Mzee Pritam nimemwambia kwamba Daktari anataka wasikilizaji wabadilishane, kwa hiyo apumzike, mimi nitakaa nyuma ya pazia. Alifurahi, maana ana mjukuu mgonjwa mtaa wa Shabab. Nitalishika kopo la Bi Awuor kwa mkono wangu mwenyewe. Mkono wangu haujui haraka.

Mama Zeddy sikumwambia lolote. Kwake mimi Alhamisi ni Naivasha.

Alhamisi, 18 Julai

Nitaandika yote kwa mpangilio.

Niliingia nyuma ya pazia mapema, nikiwa na viatu vyangu vya kahawia na kopo tupu. Bi Awuor alidhani ni Mzee Pritam, akanisalimu bila kuchungulia. Nilikohoa kizee.

Mgeni akaingia. Bi Awuor alimwambia kuna msikilizaji nyuma ya pazia, haandiki, hatoi neno nje, na kwamba mgeni anaweza kumkataa. Nilisikia nyayo za mgeni zikikaribia pazia, zikasimama. Kisha akauliza kama kweli yanayosemwa hapa hayatoki. Bi Awuor akasema hayatoki. Mgeni akasema basi abaki.

Sauti niliijua kabla hajataja jina. Akasema anaitwa Namalwa.

Mama Zeddy! Bi Awuor hamjui, kwa kuwa sijawahi kumkaribisha mtu wa kazini kwangu. Nilitaka kutoka. Lakini mtu anatokaje nyuma ya pazia? Atasema nini? Nikakaa.

Alianza kwa kusema kwamba pazia hili alilishona yeye na kitambaa hakikutosha. Bi Awuor akauliza amekuja na shida gani. Akasema hana ugonjwa. Amekuja kupaona mahali ambapo mume wake huacha masikio yake yote, hata akirudi nyumbani hanayo.

Bi Awuor akauliza: mkikaa kula, nani hukaa wapi?

Hilo lilikuwa swali la familia. Punje ilikuwa kati ya vidole vyangu. Niliishikilia. Mama Zeddy akaeleza kuwa yeye hukaa upande wa jiko, Zeddy katikati, na mume hukaa akitazama dirisha, akiandika kwenye kitabu. Mtoto humuuliza jambo, hujibu mm. Zeddy siku hizi humuuliza mama yake kwa kunong'ona kama baba anaumwa.

Bi Awuor akauliza: na Zeddy akinong'ona, wewe humjibu nini? Nikasikia mke wangu akivuta pumzi. Akasema humjibu kuwa baba anafanya kazi ya kuwasikiliza watu. Anasema uongo huohuo kwa baba yake. Mzee yuko kitandani Kimilili, na kila mtu anayetoka Nakuru humuuliza: mkwe wangu yuko wapi? Mzee alimpenda sana. Siku ya harusi ndugu zake walipotaka kuleta ugomvi juu ya ng'ombe, mzee aliwanyamazisha wote kwa kusema kwamba huyu kijana anajua kusikiliza, na hilo linatosha. Sasa yeye amechoka kumfunika mume wake kwa maneno.

Hapo nilikumbuka ile siku. Mzee alinishika bega. Nilikuwa nimesahau kabisa. Nitasema ukweli, macho yaliniwasha.

Bi Awuor akauliza: mume wako angejua unayoyajua, angefanya nini?

Nilisikia kiti cha Mama Zeddy kikigeuka. Sauti yake ikaja moja kwa moja kwenye pazia, polepole, kama anamwelekeza mtu njia. Alisema kesho jioni atapanda treni ya Bungoma na mtoto. Hajui kama atarudi. Hataki zawadi, hataki maneno mengi, wala hataki kubebewa viti. Anataka aulizwe neno moja tu: baba anaendeleaje? Akiulizwa hilo kabla hajapanda treni, atajua bado ana nyumba Nakuru.

Kisha akasimama, akashukuru, akaondoka.

Koponi hakukuwa na hata punje moja. Zote zilikuwa mkononi mwangu, zimelowa jasho.

Ijumaa, 19 Julai

Asubuhi Daktari Kanchan, ambaye Mzee Pritam alikuwa ameshamweleza ni nani aliyekaa nyuma ya pazia, alifunua kopo la jana, akalitazama kwa muda. Akaniuliza kama nililala. Nikasema nilikuwa macho saa nzima. Akauliza kama ni kweli kwamba kwa saa nzima hakuna mtu wa familia aliyetajwa.

Nikasema hakuna.

Hata mtoto? Hakuna. Hata mume?

Nikasema hata mume. Mume hakuwepo.

Alinitazama kwa upole ulionichoma kuliko ukali. Alisema: "Bwana Wamalwa, wasiokuwepo ndio tunaowahesabu." Akanifahamisha kwamba kipimo hicho atakitupa. Mchungaji naye alinifahamisha kwamba tumbo linaloumwa halikai nyuma ya mapazia, na kwamba chumba cha mbele ni cha Bi Awuor kuanzia Jumatatu. Mzee Pritam alikuwa pale. Alisema mganga hajigangi. Nilimwambia hasa, ndiyo maana nyumbani simgangi mtu.

Nilirudi mapema. Sanduku lilikuwa mlangoni, limefungwa kamba. Zeddy amevaa sweta lake la shule. Mama Zeddy ameketi, hakuwa na haraka, treni ilikuwa bado.

Neno lilikuwa mdomoni mwangu. Ninaapa. Baba anaendeleaje. Maneno mawili tu. Lakini nilikumbuka ahadi ya Nyumba ya Ushauri. Yanayosemwa pale hayatoki. Msikilizaji hatoi neno nje. Nikimuuliza swali lile lile, si nitakuwa nimetumia siri ya mgeni? Mimi ni mshauri wa miaka saba. Siri ya kazi ni siri ya kazi. Nikaamua kuligusa jambo kwa pembeni. Nikauliza habari za mama yake. Akasema mzima. Nikauliza ng'ombe. Wazima. Nikauliza shangazi wa Chwele, yule mwenye jicho. Akasema mzima. Baada ya kila jibu alikuwa akiningoja. Nikauliza mvua.

Aliposimama alisema soli ya kiatu changu cha kahawia cha kulia imeanza kuachia, niipeleke kwa fundi. Alisema aliiona jana. Nikamwambia jana nilikuwa Naivasha. Akanitazama, akasema: "Ndiyo. Naivasha." Akamshika Zeddy mkono.

Sikuelewa aliionaje. Niliwasindikiza mpaka stesheni, nikabeba sanduku. Treni ilipoondoka Zeddy alipunga mkono. Mama Zeddy alikuwa amekaa upande wa pili.

Jumapili, 21 Julai

Nyumba ina sauti mbaya bila mashine ya kushona. Sikwenda kanisani. Sikupika.

Nimefikiri sana. Kosa langu halikuwa swali. Kosa lilikuwa mazoezi. Nilivuta viti vyetu vitatu vya mezani nikaviweka mbele yangu. Kimoja cha Mama Zeddy, kimoja cha Zeddy, na kile cha mkono uliovunjika nikakifanya cha mzee. Mama mkwe nimemwacha jikoni, kama ilivyo desturi.

Nilisimama wima. Nikamtazama Mama Zeddy, yaani kiti, nikasema: Baba anaendeleaje?

Sauti ilitoka vizuri. Haikutetemeka. Nikageukia kiti cha mzee, nikamuuliza yeye mwenyewe: Baba, unaendeleaje? Nikakaa kimya baada ya hapo, kama anavyofanya Bi Awuor. Nikaona uchungu mwingi, nikalia kidogo. Kilikuwa kikao bora kuliko vyote nilivyowahi kuendesha.

Nilitaka kujipa punje lakini zote zimeliwa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Niliinama chini ya meza, nikakuta moja imekwama kwenye ufa wa sakafu. Nimeitia koponi.

Jumanne, 23 Julai

Asubuhi dirisha langu liligongwa. Bwana Wasike, katika sare ya gadi. Hakutaka kuzunguka aingie, kwa sababu kiti bado kiko kwenye uwazi. Macho yake meupe sasa. Analala.

Amerudi na treni ya mizigo kutoka Bungoma, na huko stesheni alikutana na mke wangu, aliyekuwa akitafuta mtu wa kuniletea neno. Baba mkwe amefariki. Jumamosi usiku. Aliuliza mkwe wake yuko wapi, na safari hii Mama Zeddy hakumfunika. Alimwambia: sijui, baba.

Kumbe Jumapili nilipokuwa nikikiuliza kiti, mzee alikuwa ameshalala tangu jana yake.

Niliegemea dirisha. Gadi alikaa nami, mkono wake begani mwangu kwa upande wa nje, mimi kwa ndani. Kisha akaniambia sehemu ya pili ya ujumbe. Mazishi ni Alhamisi. Mama Zeddy amesema nikitaka nije, nisipotaka nisije, na nikija, nije mikono mitupu.

Nimemlilia mzee. Alikuwa mtu mwema na mimi sikumuuliza. Sasa lile swali halina pa kwenda. Nitafanya nini nalo?

Nimetulia na nimeona njia. Daktari bado hajaondoka Nakuru. Kipimo kimoja alikitupa, kwa hiyo kuna nafasi ya kipimo kimoja. Na huko Kimilili Alhamisi ukoo wote utakuwepo: wajomba, mashangazi, yule wa Chwele mwenye jicho, wakwe, mavyaa, wapwa wa wapwa, wote katika boma moja, na kila mmoja ana la kusema juu ya mwingine. Hakuna mshauri katika nchi hii aliyewahi kupata nafasi kama hiyo. Mlango wa chumba cha mbele una kufuli, na kufuli hubadilishwa.

Bi Awuor alikuja kunipa pole, akauliza nani nyumbani ataniamsha nisichelewe treni. Nikasema hakuna. Akasema atapita yeye. Mwanamke yule hachoki kujipatia punje.

Viatu vya kahawia nimevifunga kwa uzi. Wasiokuwepo ndio wanaohesabiwa, alisema Daktari, kwa hiyo nitaanza na mzee, punje ya kwanza, kwa heshima zote. Baada yake ukoo. Kopo halitatosha. Nimeazima debe.